Mbweha Asiyekaa Kwenye Karatasi

Chitose alikuwa na hakika kwamba karatasi ile ina mbweha. Alimchora mwenyewe kwa penseli za rangi, mraba kwa mraba, kama baba yake alivyomfundisha kuchora nakshi za mikanda ya kimono kule Nishijin, mtaa wa wafumaji: mraba mmoja, uzi mmoja. Ndiyo maana kampuni ya michezo ya kompyuta ilimtoa kwenye meza ya kupokea simu, ikamjaribu kwenye uchoraji. Jioni hii mkuu angekuja kuangalia. Akimwona mbweha, Chitose anabaki na penseli zake. Asipomwona, anarudi kwenye simu.

Hatanaka, fundi wa programu, aligeuza miraba kuwa namba, akaziingiza kwenye mashine. Runinga ikawaka.

"Figili," akasema.

"Figili gani?"

"Lenye masikio. Dada Chitose, mimi nimeingiza ulichonipa."

Chitose akaisimamisha karatasi kando ya kioo cha runinga, akalinganisha. Sikio lipo. Jicho lipo, na mraba wake mweupe wa kulifanya ling'ae. Miraba ni ileile! Sasa mnyama amepotelea wapi, kutoka meza hii hadi ile?

Labda amechora kidogo mno. Akaongeza masharubu, akauzungushia mwili wote mstari mweusi.

"Hongera," Hatanaka akasema. "Figili limeota ndevu."

"Endelea tu, nitakumwagia chai."

Alitaka kucheka, lakini machozi yalikuwa karibu zaidi. Nyumbani binti yake mdogo huona mbweha hata mawinguni. Yeye, mtu mzima, anashindwa kumweka mmoja kwenye runinga?

Akavuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Hapo akaona ajabu. Mraba mweupe haukai kwake. Mwanga wake unamwagika, unameza weusi wa jirani. Uzi haufanyi hivyo; uzi ukishafumwa mahali, umefumwa.

"Futa weupe wa jicho," akasema. "Na mstari wa mgongoni. Na mdomo."

"Mdomo? Atakulaje?"

"Futa tu, kaka."

Kila alipopunguza, kitu fulani kiliongezeka kwenye kioo. Kwa nini, hakujua. Alifuta miraba kwenye karatasi, Hatanaka akaingiza upya, akatazama, akafuta tena, kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Bwana Kurata, mkuu wao, alipoingia, aliokota karatasi kwanza.

"Nini hii? Kitambaa kilicholiwa na nondo? Mbweha yuko wapi?"

Hatanaka akaigeuza runinga. Mnyama mwekundu alikuwa akinyatia kipande cha tofu ya kukaanga, chakula cha soya, shingo mbele, macho pembeni, kama mpita njia asiye na haja na chakula cha mtu.

Bwana Kurata akaangua kicheko. "Mwizi huyu! Anajifanya hakioni! Dada, simu tutazitafutia mtu mwingine. Kesho uwafundishe wenzako ulivyofanya."

"Ndiyo, Bwana," Chitose akainama.

Mkuu alipotoka, Chitose aliichukua karatasi, akaigeuza huku na huku. Hamna jicho. Kuna doa la kahawia tu, tena mahali pa pua.

"Kaka, wewe unamwona hapa?"

"Hapo? Hata kidogo."

"Na mimi simwoni," Chitose akasema, akaanza kuchonga penseli.