Mama wa Tunda

Wanafunzi waliotangulia walikuwa wamewaonya mapema: siku mwalimu wao, Chef Mardochée, atakapofundisha juu ya Mama wa Tunda, mje na vitambaa vya kufutia machozi. Joëlle alicheka. Alikuwa katika mwaka wa mwisho wa licence, shahada ya kazi za jamii, pale Kindu, na visa vya vita alikwisha kuvisikia vingi hata vikaanza kufanana.

Mardochée alikuwa na sauti ya polepole, sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. Vita vilipokuwa vinaisha, kabla ya kuwa mwalimu, alifanya kazi katika nyumba moja ya kuwasikiliza wanawake walioumizwa. Siku hiyo hakufungua kitabu. Aliketi kwenye ukingo wa meza, akaanza.

"Mama mumoja, tumuite Mama wa Tunda. Askari wanaingia, anakimbia mu pori na wenzake, mutoto iko mugongoni. Bwana yake anafanya kazi ya reli, hayuko. Wanalala chini mu majani, askari wanapita karibu. Mutoto anaanza kulia. Wenzake wanamuambia: munyamazishe, utatuua sisi wote! Mama anamufunika kinywa na mukono. Askari wanapita. Mama anatoa mukono." Akautazama mkono wake mwenyewe, kama alivyozoea kufanya hapo. "Tangu siku ile hawezi kuvumilia mutu anyamazishe mutoto. Anasema tu: muache alie."

Darasa likaguna. Muache alie. Maneno hayo Joëlle alikuwa amekua akiyasikia. Nyumbani kwao, mtaa wa Kasuku, watoto wa jirani walilia mpaka wakachoka wenyewe, na mama yake, Geneviève, mzaliwa wa Tunda na mjane wa mtu wa reli, aligombana na kila aliyethubutu kumwambia mtoto anyamaze. Majirani walimcheka kwa hilo. Na Okito, kaka yake ambaye hakuwahi kumwona, aliambiwa siku zote kwamba alikufa kwa homa walipokuwa wanakimbia vita. Baba mwenyewe alikufa akiamini ni homa.

"Mimi singeweza," Christelle alisema kutoka nyuma. "Heri tufe sisi wote. Mama gani huyo?"

Joëlle akamkata jicho. Angesema nini? Darasani mlikuwa na watu wa Kibombo, upande ule ule wa Tunda. Wangejua tu mama huyo ni nani, habari ingefika sokoni siku hiyo hiyo, na Geneviève angeuza mihogo yake huku ananyooshewa vidole.

Ikafuata desturi ya somo lile: kuigiza. Mwanafunzi mmoja awe msaidizi wa jamii, mwingine awe mwenye shida. Mardochée akamchagua Louis awe msaidizi. Kisha akazungusha macho, akauona uso wa Joëlle umelowa machozi, akapendezwa.

"Joëlle, wewe utakuwa Mama wa Tunda."

Alikwenda mbele.

"Mama," Louis alianza, ameinamisha kichwa kama walivyofundishwa, "ulishaelezea mutu shida yako?"

"Mutu mumoja," Joëlle alijibu. "Alifunga mulango, akaniambia: mama, sema, hii maneno itabaki humu ndani. Nikamuambia yote. Hata bwana yangu alikufa hajui. Leo nasikia vijana wananihukumu mu darasa, wanauliza mama gani huyo. Juu ya nini alinisikiliza? Alitafuta kitu ya kuwaliza watu? Mwizi yule! Mwizi wa maneno ya watu!"

Yakaja makofi, na aliyeanza kuyapiga ni Mardochée mwenyewe.

"Voilà! Hiyo njo kuingia mu moyo ya mwenye shida! Andikeni!"

Na wao, wajinga wale, wakaandika.

Somo lilipokwisha Joëlle alimfuata Mardochée uani, akamkuta anapanda pikipiki yake.

"Chef, yule mama alikuruhusu?"

"Nilibadilisha jina, Joëlle."

"Jina tu? Tunda umebakisha, reli umebakisha, hata maneno yake umebakisha. Mu Kindu hii?"

"Unakasirika bure. Kila mwaka wanafunzi wanalia. Ile kisa njo inawafanya wawe wasaidizi wazuri."

Akaondoka. Kila mwaka! Basi nusu ya wasaidizi wa jamii wa mji huu walikwisha kumlilia mama yake, na wengine kumhukumu, nao wakipita sokoni wanabishana naye bei ya mihogo. Joëlle alitoa tusi ambalo kinywa chake hakikulizoea, kwa sauti, pale pale uani. Akakata shauri. Leo mama atajua, na kesho wawili wao wataenda kumwaibisha mtu huyo mbele ya wakubwa wake.

Alimkuta Geneviève anachambua sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba. Akaushika mchi, akaanza kutwanga huku anatafuta pa kuanzia.

"Mama, kule masomoni iko mwalimu mumoja, anaitwa Mardochée..."

Geneviève akayaacha majani. Uso wake ukachangamka kama uso wa msichana.

"Mardochée? Mwenye sauti ya polepole? Kumbe angali hapa! Mwanangu, ni juu yake nilikuambia usome hii kazi." Akainamisha kichwa. "Kulikuwa maneno ilinikaba hapa. Nilikuwa nataka kujitupa mu Lualaba. Yeye njo alinisikiliza. Na tangu siku ile, hakuna mutu mu Kindu aliyeniangalia vibaya. Alichunga siri yangu. Watu kama yeye wamebaki wangapi?"

Kila neno alilolipanga Joëlle njiani lingemrudisha mama yake kwenye ukingo wa mto. Saa ile alimchukia Mardochée kuliko wale askari wa porini.

"Ni kweli, mama," alisema.

"Kesho umupe salamu zangu. Umuambie mama Geneviève anamushukuru sana."

"Nitamuambia."

Akauinua mchi na kutwanga kwa nguvu zake zote, majani yakaruka nje.

"We, utapasua kinu!" mama yake alisema, anacheka.

Joëlle hakupunguza.