Zulia la Aune na Maji ya Mwalimu

Basi lilikuwa limeshawashwa, na Aune, mguu mmoja ngazini, bado anaamuru.

"Torsti, lile zulia la sebuleni litoe nje. Lilaze kifudifudi kwenye theluji kavu, ulipige, uligeuze, ulirudishe. Maji hapana, umenisikia?"

"Nenda salama, bibie. Nimefundisha miaka arobaini, zulia litanishinda?"

"Haya. Jibu lako Jumamosi."

Basi likashika njia ya mji wa Oulu, Aune akienda kwa dada yake.

Jibu lenyewe lilikuwa la ndoa. Mwalimu Torsti, mstaafu, mgane, jirani yetu, alikuwa amemposa Aune tangu Krismasi. Mimi, mpangaji wa chumba cha juu nyumbani kwa Aune, nilikuwa nimechoka kuyasikia mambo hayo.

Kesho yake baridi ilikata masikio, theluji kavu kama unga. Siku ya mazulia hasa, maana theluji ya namna hiyo hunyonya vumbi bila kulowesha. Mwalimu akaja, akafunga mapazia ya sebule ya Aune.

"Tulibebe," nikamwambia.

"Wanawake wote wako uani na fimbo zao. Unataka wanione napiga zulia?"

"Wakikuona, watajua angalau una mikono."

"Mzee, wewe umetembea sana, kusoma hukusoma. Uchafu huyeyushwa. Hiyo sayansi."

Sayansi ikamwaga ndoo tatu za maji moto na sabuni ya msonobari juu ya zulia la sufu, pana kama sebule yenyewe, palepale juu ya mbao za sakafu. Akasugua akiwa amepiga magoti mpaka akatoka povu yeye. Zulia likanywa kama ngamia. Tulipojaribu kuliinua, halikusogea hata shibiri. Akaenda zake, eti litakauka lenyewe.

Kufikia Jumamosi mbao zilikuwa zimevimba na kuinuka, zimelowa wekundu wa zulia. Nyumba ilinuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Aune alisimama mlangoni, hata buti hakuvua.

"Theluji iliisha, mwalimu?"

"Ilikuwepo. Ila watu walikuwa wengi."

"Unaona haya kuonekana na zulia langu, mimi mwenyewe utatembea nami wapi? Hapana, ndilo jibu. Sasa shika ncha hiyo, tulitoe."

Tukalitoa watatu, majirani wote wa uani wakitazama.

Torsti alihamia kwa binti yake, mjini Lahti, kwenye ghorofa yenye sakafu ya plastiki. Aune aling'oa mbao saba, akapigilia mpya, hakuolewa. Zulia lilikatwa vipande vya kufutia miguu. Mimi niliondoka mwezi wa Mei.