Maua ya Verna na Vyungu vya Baraza

Mke wangu Verna alipanda yale maua ya njano kando ya uzio mwaka aliougua. Yeye kafa, yenyewe yamebaki. Ndiyo maana barua ya baraza la mji ilinikata maini: niyang'oe kabla ya Jumatatu, eti kila Agosti yanaupigisha mji mzima chafya.

Uongo mtupu. Shule niliacha darasa la sita, lakini mahindi nimelima miaka arobaini hapa Indiana. Chavua ya maua yale ni nzito, inabebwa na nyuki. Mchawi ni ragwidi, gugu la kijani lenye vijiua usivyoviona, linalomwaga vumbi lake kwenye upepo. Yote mawili yanachanua wiki moja, basi lawama anabeba yule anayeonekana.

Na waheshimiwa wetu walikuwa wamelipanda ragwidi kwenye vyungu, ndani ya ukumbi wao, wakidhani ni pambo. Wanalilea kwa kodi yetu.

Siku ya kikao cha kupiga kura ya kuipitisha amri hiyo, nikaenda.

"Karibu, Mzee Orville," akasema mwenyekiti, Dwayne Kessinger, macho yamemvimba. "Umekuja kutulilia?"

"Nimekuja kuwaonyesha mchawi wenu. Huyo hapo chunguni."

"Acha wivu, mzee! Mimea yetu haina hata ua, itamdhuru nani?"

Wajumbe wote watano wakacheka, kisha wakapenga makamasi.

"Kama haina neno, niisogeze mezani, papendeze."

"Sasa umesema la maana, baba."

Nikapanga vyungu vitano, kila mheshimiwa na chake, nikivitikisatikisa.

"Wanaotaka maua yang'olewe," Kessinger akasema, "wanyooshe..." Akapiga chafya mpaka miwani ikaruka. Wenzake wakadakia. Mikono yote kumi ikakimbilia puani.

Katibu wao, Roberta, anayefuata kanuni hata nyumba ikiungua, akahesabu. "Mikono juu, hakuna. Hoja imeanguka. Hairudi tena mpaka mwaka upite."

"Roberta! Huoni tumeshika pua?"

"Puani si juu, mwenyekiti. Nishaandika."

Kessinger akanigeukia, machozi yakimtiririka. "Umeona maua yako yanavyotufanya? Na yako maili mbili kutoka hapa!"

Nilirudi nyumbani nikayamwagilia, ingawa Verna alikuwa akisema hayahitaji.