Kibandiko cha Uadilifu

Mume wangu Marhoon ni mtu wa haki, na haki yake imenichosha. Alipomuoa Khawla, mwaka wa elfu mbili na tatu, alikaa mbele yangu akaapa kwamba hatanipunja hata kijiko. Akatekeleza. Khawla akinunuliwa friji, kwangu linashushwa friji la aina ileile, na la zamani linapelekwa kwa ndugu zake mji wa Qurayyat likiwa bado linagandisha vizuri. Tulipata Prado mbili nyeupe, za mwaka mmoja na duka moja, kila moja na kadi yenye jina la mwenyewe. Na siku alizigawa vivyo hivyo: usiku mmoja kwangu mtaa wa Mawalih, usiku mmoja kwa Khawla, Al Khoudh, humuhumu Muscat. Usiku wangu ukifika, saa mbili yuko mbele ya televisheni na saa tatu anakoroma. Kadhi yeyote angempa mkono wa pongezi.

Julai ya mwaka 2007 Dubai wakaanza kutoza ushuru wa barabara. Hawakuweka kizuizi wala mtu wa kukata tiketi. Waliweka lango kubwa juu ya barabara, nawe unabandika ndani ya kioo cha mbele kipande kidogo mfano wa kadi ya simu. Gari likipita, lango linakisoma kile kibandiko na kukata kwenye salio lako. Muscat nzima ikawa haina mazungumzo mengine. Watu ambao mwaka mzima hawatoki mtaani kwao Ruwi walilijadili lile lango utadhani limejengwa sebuleni kwao.

Mimi kibandiko nilikiona kwanza kwenye gari la Khawla. Tulikutana kwenye arusi, akaegesha ubavuni mwangu, nikakiona juu kabisa, nyuma ya kioo cha kati. Nikamuuliza. Akanijibu vizuri tu, maana mtoto wa watu hana ubaya, kwamba wameshakwenda Dubai mara mbili na Marhoon, na kwamba samaki wa huko hawafui dafu kwa wetu. Mara zote mbili zilikuwa zamu zake. Marhoon hakunidanganya, kwani mimi sikumuuliza, naye hakuwa na wajibu wa kuniambia. Kosa halikuwepo popote, na bado niliumia hadi nikashindwa kula biriani ya watu.

Usiku wa zamu yangu nilisimama mbele ya televisheni, nikamwambia nataka kibandiko.

"Wakitakia nini, Nunu?" akasema. "Wewe hata hapo Barka hujafika peke yako."

"Khawla anacho."

Hoja hiyo Marhoon haiwezi. Siku tisa baadaye alinikabidhi kibandiko kwenye bahasha, kimesajiliwa kwa namba ya gari langu, ila salio ni moja la magari yote mawili na ujumbe wote unakwenda kwenye simu yake. Akanionya kwamba kikishabandikwa hakibanduki. Ukikibandua kinakufa, kwa hiyo nisikiguse, nimpelekee fundi.

Fundi mwenyewe ni Ulimboka, Mtanzania wa vioo vya magari kule Wadi Kabir. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, akapanda garini na kitambaa chake na chupa ya spiriti. Alisugua kioo kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshaosha gari zima. Alipima kwa vidole viwili chini ya ukingo, akahakikisha pale hapana ule utando wa kukinga jua, kwa sababu, alisema, utando wenye madini unalizuia lango lisisome. Kisha akakibandika na kukikandamiza kwa kidole gumba huku akihesabu kimoyomoyo.

"Haya mama, imekaa hiyo. Safari lini?" akauliza.

Nikamwambia Alkhamisi. Uongo ulinitoka wenyewe, na aibu ikaja baadaye, nikiwa peke yangu barabarani kurudi nyumbani na chombo cha kulipia njia katika nchi ambayo njia zake hazilipiwi.

Lakini nilikijivunia. Nilihakikisha jirani zangu wote wamekaa kwenye kiti cha mbele walau mara moja. Marhoon aliahidi kunipeleka Dubai katika zamu yangu ya kwanza yenye mapumziko, halafu goti likamuuma. Ya pili wakaja wageni. Ya tatu palikuwa na mpira. Kila ahadi ikivunjika mimi hukunja nguo nilizokwisha kuzipanga, na sanduku dogo hurudi juu ya kabati.

Jumatano moja ya Disemba nilikuwa jikoni nikimkaangia vitumbua, naye anazungumza kwa simu na ndugu yake Aflah. Nadhani Aflah alimuuliza kama mimi sinung'uniki kuhusu hizo safari. Nikamsikia akicheka.

"Nunu hana taabu," akasema. "Nshamtilia kibandiko, keshatosheka."

Sikutoka jikoni. Niliviepua vitumbua, nikampelekea, akala sita. Nilikuwa na hasira ya kumwagia mafuta yale, Mungu anisamehe, na chini ya hasira palikuwa na kitu kibaya zaidi. Niliogopa kwamba amesema kweli. Miaka ishirini na saba nimegaiwa vitu, na kila kitu nimekipokea.

Siku iliyofuata zamu ilikuwa ya Khawla mpaka jioni ya Ijumaa. Marhoon aliondoka Alkhamisi adhuhuri. Ijumaa baada ya sala ya alfajiri nikatia sandukuni nguo mbili, chupa ya chai, na vitumbua vilivyobaki, nikashika barabara ya Batina, ya kwendea mpakani.

Sitasema niliendesha vizuri. Kila raundabauti niliizunguka mara mbili ili niwe na uhakika. Baada ya Suwaiq gari likaanza kulia ting ting ting, nikadhani limeharibika, nikapunguza mwendo, likanyamaza. Nikaongeza, likalia. Ilikuwa kengele ya kukuonya ukivuka mia na ishirini. Miaka minne ninalo gari hilo na sikuwahi kujua kwamba lina kengele. Mpakani askari alisoma kitambulisho changu, akatazama kadi ya gari na karatasi ya bima, kisha akachungulia kiti cha nyuma akimtafuta mwanamume. Hakumwona, akanipungia mkono nipite.

Saa tano na nusu nililiona lango. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikasoma dua ya safari, ingawa safari ilikuwa imekaribia kwisha, nikapita chini yake. Hakikutokea kitu. Hapakulia kengele, haikuwaka taa, hakuna aliyeniambia karibu. Nilikereka. Nikatafuta pa kugeuzia, nikarudi, nikapita tena polepole, watu nyuma yangu wakipiga honi. Mara ya nne ndipo nilipotambua kwamba nacheka peke yangu, na machozi yananitoka, na sina haja ya lango kunikaribisha.

Nikaegesha kwenye kituo cha petroli, nikamimina chai. Simu ikalia. Marhoon.

"Nunu, hebu chungulia uani. Gari yako ipo?"

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwa haraka kwamba amepata ujumbe kutoka Dubai, salio limekwisha, kuna gari inapita pale langoni inarudi na kupita tena, ila ujumbe hautaji gari lipi. Yeye yuko Qurayyat tangu asubuhi kumtazama mgonjwa. Kwanza alimpigia Khawla kumgombeza, ati kwa nini amekwenda Dubai bila kumwambia. Khawla alikuwa amelala nyumbani kwake na gari limo kivulini. Akamwambia maneno ambayo Marhoon hakutaka kunikariria, akamkatia simu. Basi gari iliyoibiwa ni yangu. Anakwenda polisi sasa hivi.

"Na wewe funga mlango," akaongeza. "Usitoke."

Alikuwa ameshafikiria mke mkorofi na ameshafikiria mwizi. Mimi sikumpitia akilini.

"Gari haijaibiwa," nikasema. "Nnayo mimi, Dubai."

Akauliza, "Nani kakupeleka?"

"Nimekuja mwenyewe."

Nilimsikia akivuta pumzi, akitafuta kosa langu liko wapi. Gari ni langu, bima nimelipa, na mpaka magharibi mimi sikuwa zamuni kwa mtu. Mwisho akapata pa kushika. Akasema nirudi mara moja, usiku wa leo ni zamu yangu.

"Usiku wa leo nimempa Khawla," nikamjibu. "Na wa keshokutwa pia. Dini yaruhusu, uliza."

Akasema Khawla hatamfungulia mlango. Nikamwambia hayo ni yao wawili, ila kabla hajalala, popote atakapolala, aongeze salio, maana kesho nitapita tena. Nikazima simu, nikamaliza chai yangu. Tangu siku aliyonioa Marhoon alikuwa anajua nilipo kila saa. Sasa hakujua hata nitalala wapi, na mimi nilikuwa sijui vilevile.