Kukutana kwa Bahati Halebidu

"Kaza uzi, Sinchana. Umelegea tena."

Sinchana aliukaza. Alikuwa ameshika ncha moja ya uzi wa mgomba, mama yake, Nagaratna, ameshika nyingine, na katikati yao, kwenye kiti cha nyuma cha gari, asumini zilikuwa zikifungwa mbilimbili, fundo baada ya fundo. Shada lilitakiwa liwe limekwisha kabla ya kufika Halebidu, liingie kwenye nywele za Sinchana likiwa bichi. Lakini barabara ilikuwa na matuta, na kila tuta moja lilirusha vitumba kadhaa chini ya viti.

"Baba Sinchana, unaendesha gari au unapura mpunga?" aliuliza Nagaratna.

"Naendesha," alijibu mumewe, Venkatachala, kwa upole. Aliendesha polepole kiasi kwamba trekta la miwa lilikuwa limewapita, na dereva wake akawapungia mkono kwa huruma.

Kule Bengaluru mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba wanakwenda kumaliza wiki kwenye mahekalu ya kale, Jumamosi Halebidu, Jumapili Belur. Mtaa mzima ukaitikia kwa adabu, na hakuna aliyesadiki. Watu hawafungashi boksi tatu za holige, zile chapati tamu za sherehe, kwa ajili ya kutazama mawe.

Zamani binti alionwa nyumbani. Wazazi wa mvulana walikuja, binti akaleta kahawa, akaombwa aimbe kidogo, na majirani wakahesabu viatu mlangoni. Wageni wasiporudi, kila mtu alijua nani kakataliwa. Kwa hiyo watu wenye heshima zao wakabuni kukutana kwa bahati. Familia mbili ambazo zimelinganisha nyota za watoto kwa mwezi mzima zinajikuta kwenye ukuta mmoja wa hekalu, zinashtuka, zinasema, "Kumbe na nyinyi mmekuja!" Wakipendana, ni mpango wa Mungu. Wasipopendana, hakuna aliyekataliwa, maana hakuna aliyekuja kwa ajili ya mtu. Sharti ni moja tu: usiulize. Ukiuliza, "Nyinyi ndio wale tuliotumwa kwenu?" umeiua bahati, na aibu yote inakurudia wewe.

Nagaratna alikuwa ameweka mkono juu ya taa ya miungu wa nyumbani akaapa kwamba mara hii ni ya mwisho. Sinchana, ambaye kazi yake ni kupima udongo, alikuwa ameitwa kufanya kazi kwenye maabara ya mbegu huko Pune, na jibu lake lilikuwa linasubiriwa Jumatatu. Mvulana wa leo akishindikana, Sinchana ataondoka na baraka za mama yake. Akikubalika, Pune basi.

Sinchana alikuwa amejiandaa jambo lishindikane. Alipanga kuzungumzia ugonjwa wa kuoza kwa mizizi, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hatua.

"Nikumbushe dalili zake," alisema Venkatachala.

"Za mizizi?" Sinchana alishtuka.

"Za mvulana."

"Anaitwa Raghunandan," alisema Nagaratna. "Shati la buluu, adhuhuri, kwenye fahali wa jiwe. Shantakka amenieleza vizuri." Shantakka alikuwa binamu yake, fundi wa kuunganisha watu kwa simu bila kutoka kitandani. Picha alikuwa ametuma pia, ila mvulana alikuwa amevaa kofia ya pikipiki na miwani myeusi. Kilichoonekana vizuri ni pikipiki.

Shantakka hakusema kwamba hekalu la Halebidu lina vyumba viwili vitakatifu, na kila chumba kina fahali wake mbele. Hakuna aliyemuuliza. Venkatachala, ambaye alikuwa amejisomea mwenyewe habari za hekalu lile kwa miaka, alilijua hilo vizuri sana. Alidhani na wenzake wanalijua.

Walifika shada likiwa nusu. Nagaratna alikata kipande, akakichomeka kwenye msuko wa binti yake, kilichobaki akakifunga ndani ya jani la mgomba lililoloweshwa. Wakavua viatu getini. Jua lilikuwa limelipasha jiwe la ua mpaka waumini wote walikuwa wanarukaruka, na wale waliokumbuka kuja na soksi walitembea taratibu kama matajiri.

Venkatachala alisimama kwenye ukuta wa kwanza kana kwamba nyayo zake si zake.

"Njoo uone, Sinchana. Hii safu ya chini ya tembo. Hakuna wawili wanaofanana. Huyu anavuta mti, huyu amemkanyaga mwenzake mkia..."

"Baba Sinchana! Tembo hao wako hapo miaka mia tisa, hawaendi popote. Mvulana anaweza kuondoka."

Kwenye fahali kweli kulikuwa na shati la buluu. Ndani yake mlikuwa na kijana mrefu anayebadilisha mguu wa kusimamia, pembeni yake mama mmoja aliyevaa sari ya hariri ya kwendea arusi, na bibi kizee aliyekalia kiti cha kukunja, soksi mbili katika kila mguu.

"Jamani!" alisema Nagaratna, mkono kifuani. "Na nyinyi mmekuja kutazama hekalu!"

"Yaani bahati iliyoje!" alisema yule mama. "Tulikuwa tunapita tu."

Walikuwa wanapita tu na kapu la chakula, mkeka na kiti. Wakakaa wote kivulini mwa fahali, migongo ikielekea hekalu. Sinchana akamimina kahawa kutoka kwenye chupa na kumpa bibi kwanza, halafu mama, halafu kijana, kwa utaratibu uleule wa nyumbani. Bibi akamtazama vidole.

"Unaimba, mjukuu wangu?"

"Hapana, bibi."

"Afadhali. Mke wa kaka yake huyu anaimba. Alfajiri."

"Puttu, mwonyeshe dada michoro ya ukutani," alisema mama wa kijana. Puttu ni jina la kudekeza, kila nyumba ina Puttu wake, kwa hiyo halikumwambia mtu kitu. Puttu akaongoza mpaka pembe ya ukuta, mahali ambapo akina mama wangeweza kuwaona vizuri huku wakijitia hamnazo.

"Nikwambie mapema," alisema kijana. "Mimi nakoroma."

"Mimi nashinda kwenye udongo. Kucha zangu hazijawahi kuwa safi."

"Nakoroma mpaka jirani wa chini anagonga dari."

"Kuna ugonjwa wa kuoza kwa mizizi. Nikianza kuueleza, watu husinzia."

"Basi nieleze. Nikisinzia utanisikia nikikoroma, tutakuwa tumemaliza yote kwa pamoja."

Sinchana alicheka kabla hajajizuia. Kijana naye akacheka. Sinchana akaanza kumweleza kuoza kwa mizizi, na yule hakusinzia. Aliuliza kwa nini kunaanza mahali maji yanapotuama, swali ambalo mabosi wawili wa Sinchana hawakuwahi kuliuliza. Alipokuwa anamjibu, Sinchana alitambua kwamba kwa muda mrefu hakuwa ameikumbuka Pune.

Kule kivulini kicheko kilikuwa kimeshasikika. Nagaratna alikuwa anauliza, kwa kupita tu, kama watu wa upande ule hupendelea arusi za asubuhi au za jioni. Mama wa kijana, kwa kupita tu, alikuwa anataja kumbi zenye maegesho.

"Mwite na baba yake," alisema bibi. "Puttu amsalimie mzee inavyopasa."

Venkatachala alivutwa kutoka kwenye tembo wake. Puttu akainama mbele yake, akapishanisha mikono, akashika masikio, akajitambulisha kama kijana wa Kibrahmin anavyofundishwa tangu siku anayovishwa uzi wake mtakatifu: kwanza wahenga wa nasaba, halafu ukoo, halafu jina.

"...wa ukoo wa Kaushika, naitwa Nachiketa, nakusalimu."

Nagaratna aliganda, holige mkononi.

"Ukoo gani?"

"Kaushika, mama."

"Sisi ndio Kaushika!"

Watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hata kama aliyewazaa wote ni mhenga ambaye hakuna anayemkumbuka sura. Bibi aliinuka kwenye kiti kwa kasi ambayo miguu yake ilikuwa imeikana kwa miaka.

"Puttu! Rudi nyuma! Huyo ni dada yako!"

Puttu alirudi nyuma, akakanyaga jiwe la juani, akaruka.

"Halafu umesema Nachiketa?" Nagaratna aliuliza taratibu. "Wewe si Raghunandan?"

"Raghunandan ndiye nani?"

"Kwani binti yako si Vaishnavi?" aliuliza mama wa Nachiketa.

Venkatachala alikohoa.

"Labda," alisema, "wako kwenye fahali wa pili."

"Fahali wa pili?" mkewe alimgeukia. "Kuna fahali wa pili?"

"Yuko siku zote."

Wote wakageuka. Upande wa pili wa ua, kwenye kivuli kingine, palikuwa na shati lingine la buluu, mkeka mwingine, na msichana mwenye maua kichwani anamimina kahawa. Akina mama wawili walikuwa wamekaa magoti yakigusana.

Kupiga kelele hakukuwezekana, maana hakuna aliyekuja kwa ajili ya mtu. Ilibidi wavuke ua ule mzima wa jiwe la moto, familia mbili kwa mwendo wa matembezi, wakitazama juu kwenye michoro kwa mara ya kwanza siku ile ili wafike pale kwa bahati. Walipofika ilikuwa imechelewa. Raghunandan na Vaishnavi walikuwa wa koo mbalimbali, kuhani wa familia alikuwa ameshapigiwa simu, na nyota zilikuwa zimepatana papo kwa papo. Nagaratna akalazimika kuwapongeza watu ambao rasmi hakuwa anawajua, na kula holige yao. Alisema baadaye kwamba ilikuwa ngumu.

Nachiketa alimsindikiza Sinchana mpaka kwenye viatu, hatua kadhaa nyuma yake, kama alivyoamriwa na bibi.

"Haya, dada," alisema. "Maji yasituame."

"Na wewe kaka, mwonee huruma jirani wa chini."

Sinchana alitaka kucheka kama mwanzo. Kilitoka kicheko kidogo tu.

Ndani ya gari Nagaratna alisema, "Ya leo haihesabiki. Hukuonwa na mtu sahihi."

"Nimeonwa, mama. Nimemimina kahawa. Nimecheka."

"Umecheka na kaka yako!"

Venkatachala alikuwa hajawasha gari. Alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya shuka lake.

"Ulishika taa, Mama Sinchana. Ulisema mara hii ni ya mwisho. Hukusema na nani."

Simu ikalia. Sauti ya Shantakka ilijaza gari: amesikia yote, fahali wawili ni kosa la waliolijenga hekalu, lakini kesho Belur kuna familia nyingine, shati la kijani, karibu na nguzo...

Nagaratna alimtazama binti yake. Sinchana alikuwa anachomoa vitumba vilivyopondeka chini ya kiti, kimoja kimoja.

"Kesho Belur tunakwenda kutazama hekalu," alisema Nagaratna kwenye simu.

"Ndiyo, ndiyo, hekalu," Shantakka alicheka. "Naelewa, dada yangu."

"Hapana. Hekalu lenyewe."

"Naelewa kabisa! Shati la kijani."

"Shantakka, hekalu. La mawe." Akakata simu. Alikaa akiitazama. Mwishowe akauliza, bila kumtazama mtu, "Huko Pune kuna baridi?"

"Wakati wa baridi tu, mama."

"Sweta lako la kijivu limetoboka kiwiko." Akafungua jani la mgomba, akatafuta ncha ya uzi. "Shika."

Sinchana akashika. Wakafunga mafundo machache, lakini Venkatachala aliomba dakika moja amalizie ukuta wa tembo, akashuka, na mwanga ukapungua akiwa bado yuko kule ameinama. Mlinzi wa geti akapuliza filimbi.

"Acha, tutaharibu," alisema Nagaratna. "Lililobaki tutalimaliza asubuhi. Tutampa mungu wa Belur, si lazima liende kichwani kwa mtu."

Sinchana akafunga fundo la kuzuia, akanyunyiza maji ya chupa, akalikunja jani juu ya nusu shada na vitumba vilivyokuwa bado vimefumba.