Sindimba kwa Mafundi wa Kampuni

Pale Keko, kwenye safu ya mafundi samani ambako vitanda na makabati hupangwa mpaka ukingoni mwa lami, Editha alijulikana kwa mambo mawili: makochi yake na gari lake. Makochi aliyavalisha mwenyewe, sponji kwa kitambaa, na kochi likitoka mikononi mwake mtu alilikalia akasahau kuondoka. Gari alilinunua likiwa gari la kawaida tu, dogo, la bluu, gari la kumpeleka mtu kazini na kumrudisha. Kisha yeye na fundi Fakihi, jirani yake mwenye gereji ya mabati nyuma ya safu ile, wakaanza kulichokonoa. Walianza na shokapu. Ikafuata ekzosi. Halafu wakaitoa tabo liliyozaliwa nayo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, wakafunga nyingine kubwa zaidi, na baada ya hapo hakuna aliyeliita tena gari la kawaida.

Editha aliliita Sindimba. Likikata kona kwenye vumbi lilitikisa kiuno vilevile kama shangazi zake kule Newala siku ya ngoma ya jina hilo.

Mumewe, Gervas, alikuwa seremala na mtu mpole, lakini utani hakunyimwa. "Padri aliniuliza kama nakubali kuoa mke mmoja," aliwaambia wateja. "Nikasema ndiyo. Hakuna aliyeniambia kwamba anakuja na mwenzake."

Basi wiki ile Sindimba lilikuwa liende Mbweni. Wapenda magari walikuwa wamepata kiwanja cha wazi huko, nyuma ya nyumba mpya, na Jumapili wangepanga koni wakimbizane na saa, mmoja mmoja. Editha alikuwa amejiandikisha. Akina mama wa jumuiya yake ya kanisani walishashona fulana zenye jina lake, wengine wao hawajui hata gia ni nini.

Jumatano akielekea Mbagala kupeleka kochi la mteja, yeye mbele na kirikuu, kile kigari cha mizigo, chenye kochi nyuma, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Sindimba likanywea ghafla. Alikanyaga mafuta, gari likaguna tu na kujikokota. Kile kirikuu, pamoja na kochi lake, kikampita. Dereva wake alimpungia mkono kwa heshima kabisa, na hilo ndilo lililomuuma Editha kuliko yote.

Fakihi alichomeka kimashine chake, akatazama, akakuna ndevu.

"Shemeji, injini nzima. Haina tatizo. Shida iko huku kwenye mambo ya breki na magurudumu, na huku kumefungwa. Mashine yangu haifiki. Wenye kufika ni kampuni wanaoyauza magari haya."

"Kampuni?" Editha alisema. "Bora nilipeleke kwa mganga."

Alikuwa na sababu. Hadithi za mafundi wa kampuni zilizagaa Keko nzima kama maranda. Kasiani, muuza vanishi, alikuwa na binamu aliyepeleka gari lake lenye tabo, wakamfutia programu yote. "Lilienda likiwa shetani," Kasiani alisema, "likarudi limeokoka. Halikimbii, halipigi kelele, linatii tu." Mwingine alilikuta gari lake ufukweni Kigamboni, mafundi wamekaa juu ya boneti wanakula mishikaki. Kama hadithi hizo zilikuwa za kweli au zilinogeshwa njiani, hakuna aliyejua. Ila Editha alizisikia zote usiku ule akiwa kitandani, moja baada ya nyingine.

Asubuhi alikwenda hivyohivyo. Angefanyaje? Kampuni ilikuwa palepale Barabara ya Nyerere, jengo la vioo, sakafu inang'aa mtu aone haya kukanyaga. Meneja, mwanamume nadhifu aitwaye Usama, alitoka nje, akasikiliza Sindimba likinguruma, akatabasamu kwa shida.

"Dada, nisiwe mwongo. Magari ya namna hii kwa kawaida hatuyapokei. Tukigusa kitu kikaharibika kingine, tutalaumiana bure."

Editha akashusha pumzi. Karibu afurahi. Alikuwa tayari kugeuza gari aondoke, ndipo binti mmoja akasogea kutoka kwenye karakana, ovaroli ya kijivu, mtandio ameuzungusha vizuri na kuufunga kisogoni.

"Bosi, niachie mie," alisema.

Editha alidhani ni wa mapokezi. "Fundi yuko wapi, mdogo wangu?"

"Ndiye mie, dada. Naitwa Abrar."

Hakuligusa gari kwanza. Alilizunguka polepole, mikono nyuma, akachuchumaa kuchungulia chini, akaenda upande wa pili akachuchumaa tena. Aliposimama macho yalikuwa yanacheka.

"Mashaallah. Nani kalijenga?"

"Mie na Fakihi wa Keko," Editha alijibu, na pasipo kutaka, kifua kikamjaa. Kisha akakumbuka alikokuwa, akakaza uso. "Sikiliza, mdogo wangu. Usinifutie kitu. Usiliongezee kitu. Usiliendeshe ovyo."

"Kulijaribu barabarani nitalazimika, dada. Lakini nitakuambia kwanza."

"Utaniambia kwanza?"

"Wallahi."

Editha akakaa kwenye chumba cha kusubiria, karibu na kioo kinachotazama karakana. Waliomletea chai waliona hainywi. Kila Abrar alipoinua bisibisi, Editha aliinuka nusu kwenye kiti. Binti alichomeka mashine ya kampuni, akasoma, akakunja uso. Akafungua mchoro kwenye kompyuta, akautazama, akalitazama gari, akarudi kwenye mchoro. Mambo yakaganda hapo muda mrefu. Njaa ikambana Editha. Simu yake ilikuwa imekata chaji, akamwachia dada wa mapokezi aichomeke, akatoka kwenda kununua mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara.

Alikuwa anasubiri kuongezewa pilipili aliposikia muungurumo anaoujua kuliko sauti ya mumewe. Akageuka. Sindimba lilikuwa linatoka getini, Abrar kwenye usukani, peke yake.

"Wewe!" Editha alipiga kelele. "Abrar! Wee binti!"

Gari likaingia barabarani likaondoka. Mihogo ikabaki kwa mwenyewe. Editha alimrukia bodaboda wa kwanza aliyemwona.

"Lifuate lile la bluu!"

"Lile? Mama, lile si litaruka!"

"Leo haliruki, linaumwa. Twende!"

Ni kweli halikuruka, lakini taa za barabarani hazina huruma. Walipofika taa zikawa nyekundu, lori likajaza njia, na lori lilipopita, Sindimba halipo. Bodaboda akageuza shingo. "Tumelipoteza, mama. Tunaelekea wapi?"

Editha aliona kila kitu mbele yake: ufukwe wa Kigamboni, mishikaki, ovaroli za kijivu zimejipanga juu ya boneti. Machozi ya hasira yakamlengalenga.

"Keko," alisema. "Nikamchukue mume wangu na fundi wangu. Leo kampuni watanijua mie ni nani."

Pikipiki ikakata kona, ikapenya kati ya makabati na vitanda, ikaingia uchochoro wa gereji ya Fakihi. Ikafunga breki. Editha akabaki amekaa palepale juu ya siti.

Sindimba lilikuwa pale. Boneti wazi. Vichwa viwili vimeinamia ndani, kimoja cha Fakihi na kingine chenye mtandio, vinabishana kama watu wa tumbo moja. Kando yao Gervas amesimama, soda baridi mkononi, anangoja mgeni apate nafasi ya kunywa.

"Mke wangu!" Gervas alisema kwa furaha. "Mbona hukutuambia kampuni kuna mafundi wazuri hivi?"

Abrar akainua kichwa. "Dada Editha! Nimekupigia mpaka nimechoka. Hupatikani."

Editha akapapasa mfuko wa simu. Akakumbuka chaja ya mapokezi.

"Nikakutafuta chumba kizima, sikukuona," Abrar aliendelea. "Mashine inasema sensa, kile kihisi cha gurudumu la mbele kushoto, haijibu. Nikaufuata waya wake kwenye mchoro wetu, haupo. Umehamishwa. Ningeweza kukata huku na huku nautafuta, lakini gari ya mtu ina mwenyewe na ina aliyeijenga. Nikamwambia bosi, ngoja nikamuulize huyo Fakihi mwenyewe. Akaniruhusu. Nikajua nawe utakuwa umetangulia huku."

"Ungenipigia mie," Fakihi alisema.

"Namba yako naitoa wapi, fundi? Keko nzima ndiyo imenielekeza."

Editha akashuka kwenye pikipiki. Alikuwa amekuja na maneno mengi makali, na sasa hakujua ayaweke wapi. "Nilidhani umeniibia," alisema.

Abrar akacheka mpaka akashika boneti. "Niibe gari hii? Polisi wangeisikia toka Kimara!"

Hapo hasira ikamtoka Editha yote, naye akacheka, na bodaboda akacheka ingawa alikuwa hajaelewa vizuri.

Fakihi alieleza kwamba alipofunga tabo kubwa nafasi ilikuwa finyu, ndipo akauhamishia waya ule nyuma ya bampa, ndani kabisa. Abrar akasema huko maji yanafika. Fakihi akasema maji hayafiki, kauziba vizuri. Wakabishana tena huku wanafungua, huyu upande huu, yule upande ule, na bampa ikaja chini.

Ndani hapakuwa na maji. Palikuwa na sponji. Sponji ya njano, imechambuliwa laini, ikatandikwa duara, na juu yake vipande vya velveti nyekundu, vimepangwa kwa ustadi. Katikati ya kitanda hicho waya ulipita, umetafunwa hadi shaba inaonekana.

Editha akainama. Aliitambua velveti ile. Aliitambua na sponji.

"Lakini hii ni ya kochi la mteja wangu Jovina!" alisema. "Hii ni sponji yangu ya daraja la kwanza!"

"Kikulacho ki kochini mwako," Abrar alisema polepole.

Kabla hawajamaliza kucheka, kitanda kikajitikisa. Panya mnene, manyoya yanang'aa, panya aliyelelewa kwa raha, alichomoza kichwa, akawatazama, akaruka. Alipita juu ya kiatu cha Gervas. Gervas, mtu mpole, alipiga ukelele uliosikika kwa wauza vitanda wa mwisho, na waliofika mbio walimkuta amesimama juu ya meza ya chakula ya watu sita, soda bado mkononi, haikumwagika hata tone. Fakihi alikuwa nyuma ya mlango wa gereji. Abrar alikuwa ndani ya Sindimba, milango ameifunga, vioo amevipandisha. Aliyebaki mahali pake ni Editha peke yake, si kwa ushujaa, ila kicheko kilimlegeza miguu.

Waya ukaungwa. Fakihi alichomelea, Abrar akaufunika na kuuzungushia kinga ngumu isiyotafunika, kila mmoja akimkosoa mwenzake na kila mmoja akimsikiliza. Kisha wakarudi kampuni, Editha akiendesha, Abrar ubavuni, Fakihi nyuma maana alisema hawezi kufa kabla hajaiona hiyo mashine inayofika kusikofika yake. Usama aliposimuliwa habari ya panya, alicheka mpaka akafuta macho kwa tai yake, kisha akamwonyesha Fakihi karakana yote, na Fakihi akauliza maswali mpaka wakamletea kiti.

Abrar alibonyeza hapa na pale. Taa ya njano ikazimika.

"Umefuta kitu?" Editha aliuliza, moyo juu.

"Nimefuta kosa moja tu, dada. Mengine yote ni yako, nimeyaacha kama yalivyo."

Editha akawasha. Akakanyaga kidogo. Sindimba likaitikia kwa sauti yake kamili, vioo vya kampuni vikatetemeka, na mteja mmoja aliyekuwa anachagua gari la familia akageuka akaanza kuulizia lile la bluu.

Jumapili, baada ya misa, Mbweni palijaa. Akina mama wa jumuiya walikuja na fulana zao, wakakaa kwenye makochi mawili ambayo Gervas aliyaleta kwa kirikuu, maana alisema wake za watu hawatakaa chini. Zamu ya Editha ilipofika alifanya ishara ya msalaba, akaachia. Sindimba liliingia kona ya kwanza likakata kiuno, la pili likakata zaidi, vumbi likapanda jekundu, na vigelegele vikapanda juu ya vumbi. Kona ya mwisho alikaribia kwa kasi kuliko alivyowahi kuthubutu. Hakuiogopa. Magurudumu yote manne yalikuwa yanamjibu.

Alishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa kijana mmoja wa Kimara aliyekuja mwenyewe kumpa mkono na kuuliza fundi wake ni nani. Editha akamwonyesha Fakihi kwa kidole, kisha binti aliyesimama karibu naye, baibui na raba nyeupe, siku yake ya mapumziko.

Mashindano yalipokwisha, koni zikiwa bado zimesimama, Editha alimfungulia Abrar mlango wa dereva.

"Ingia."

"Mie? Dada, mbele ya watu wote hawa?"

"Ingia, nakaa ubavuni. Na safari hii usiende kiungwana."

Abrar hakwenda kiungwana. Alikwenda kama mtu aliyefunga mwezi mzima akasikia adhana ya magharibi. Aliikosa kona ya tatu kabisa, akabeba koni, koni ikakwama mbele ikapiga kelele uwanja mzima, na Editha kwenye kiti chake alikuwa anapiga vigelegele huku ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Waliposimama, Fakihi alikuja mbio kutazama bampa yake, akaichomoa koni, akaitikisa hewani kama mwamuzi mwenye hasira.

Abrar alikuwa anahema, mtandio umejaa vumbi, meno yote nje.

"Naomba mara moja tena," alisema.

"Twende," Editha akajibu, naye alikuwa keshafunga mkanda.