Jinsi Joséline Alivyofika Italia

Siku Murielle alipopata nafasi ya kwenda kusoma Italia, kanisa zima la Warundi pale Bellevue lilisimama likaimba. Alikuwa binti pekee wa Joséline, fundi wa kushona nguo, na tangu utotoni mkono wake haukutulia bila penseli. Chuo chake cha sanaa cha hapa Johannesburg kilikuwa na urafiki na shule moja ya huko, iliyofundisha kukarabati michoro ya kale ya ukutani, na mwaka ule wa 2012 jina lililoteuliwa lilikuwa lake. Hati ya kusafiria ya mkimbizi ilisumbua sana, lakini ikatoka. Joséline akamshonea koti zito, akamsindikiza uwanja wa ndege, na kuanzia Jumapili iliyofuata akina mama wakaacha kumwita Mama Murielle. Wakamwita Mama Ulaya.

Hakulikataa jina hilo. Lilimkaa vizuri kuliko nguo zote alizowahi kujishonea.

Shida ilianza na picha. Murielle alipotuma za kwanza, Joséline alikwenda kuzifungua kwenye duka la intaneti la Rockey Street, akiongozana na akina mama wa kwaya. Mbele yao wote alikuwa Hélène, kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye jicho la kuona uzi uliolegea hata kwenye gauni la bibi harusi. Picha zikafunguka moja baada ya nyingine. Ukuta wenye ufa. Ngazi za mawe zilizolika katikati. Kichochoro chembamba, na juu yake mashuka na soksi vimeanikwa kutoka dirisha hili hadi lile. Wazee kwenye benchi, hawafanyi kitu. Paka.

"Hii si Hillbrow hii?" Hélène akauliza, akiutaja mtaa wetu wa maghorofa yaliyochakaa.

"Ni Italia," Joséline akasema.

"Naona soksi dirishani, dada. Ulaya hawana mashine?"

Wengine wakanyamaza kwa adabu, na adabu ile ilimuuma Joséline kuliko swali lenyewe.

Murielle alipopiga simu, mama yake hakuzungukazunguka. "Mwanangu, wamekupeleka wapi?"

"Mlimani, Mama. Mji una miaka mia saba."

"Mpya haupo?"

"Upo, kule chini bondeni, kwenye kituo cha treni. Sisi tunasoma huku juu."

Akamweleza. Barabara zenyewe zilikuwa ngazi. Baada ya chakula cha mchana maduka yalifungwa, watu wakaenda kulala. Mkate haukuwa na chumvi, na si kwa kusahau, ndivyo walivyoutaka. Alipanga kwa mjane mmoja aitwaye Assunta, kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba, ambamo maji ya moto yalikuwa ya kubahatisha. Kila asubuhi mjane huyo alimkagua shingoni kama amevaa skafu. Majirani walikuwa wazee watupu. Vijana walikwisha kuhamia miji mikubwa kutafuta maisha.

Joséline alikuwa amekaa kitandani kwake, kwenye nyumba kuukuu ya Bellevue iliyogawanywa vyumba, akiutazama ufa uliopanda kutoka kwenye swichi ya taa hadi darini.

"Murielle," akasema, "hayo yote si ungeyapata hapahapa?"

Murielle akacheka, halafu akalia kidogo. Miezi ile ya kwanza alilia mara nyingi. Lakini baridi ilipopungua simu zake zikabadilika, na Joséline hakuyapenda mabadiliko yale. Mwokaji alikuwa anamwekea mkate bila kuambiwa. Wazee wa benchi walikuwa wamemfundisha karata, na sasa waligombana naye kama mtu wa kwao. Assunta alipozungumza na majirani alimwita "msichana wangu". Shuleni walikuwa wamemruhusu kugusa ukuta wa kanisa dogo la mji, azibe kwa chokaa nyufa za uso wa malaika, taratibu, kwa brashi nyembamba kama kope.

"Nimezoea, Mama," akasema.

Kuzoea! Joséline hakumpeleka mtoto Ulaya akazoee. Alimpeleka akashangae.

Wakati huo akapata oda kubwa ya kushona aproni za wahudumu wa mkahawa mmoja kule kaskazini, ukiipita Sandton, ndani ya jumba la maduka na kamari. Kazi ile ilimkosesha ibada Jumapili mbili. Alipozipeleka, akasimama mlangoni mdomo wazi. Mle ndani walikuwa wamejenga mji mzima wa Kiitaliano, wenye vichochoro vya mawe, kisima, na roshani zenye maua yasiyonyauka. Juu, mahali pa dari, palikuwa na anga ya buluu na mawingu ya kuchorwa, na muziki ulitoka kwenye spika zilizofichwa ukutani. Mzee hakuonekana hata mmoja. Thierry, mlinzi Mkongomani wa pale, akachukua simu ya Joséline, akampiga picha kando ya kisima. "Tabasamu, Mama, uko Roma!"

Alikusudia kumtumia Murielle wacheke. Lakini Jumapili, baada ya ibada, Hélène aliazima ile simu atafute namba ya mtu, akakutana na picha kwanza.

"Yesu wangu! Kumbe ulikuwa kwa mtoto!"

Joséline akafungua kinywa amweleze. Akaona nyuso zinamgeukia. Akaona Hélène, Hélène mwenyewe, amemshika mkono kwa mikono miwili. Kinywa kikajifunga.

"Ndiyo maana hukuonekana! Sasa hii ndiyo Italia, si zile picha za Hillbrow."

Hakuna aliyemuuliza amesafiri kwa hati gani. Wote pale walikuwa na karatasi zilezile za ukimbizi, na kila mmoja alijua kuwa karatasi ile haimfikishi mtu mbali. Hawakuuliza. Kumwona mmoja wao amefika kulikuwa kutamu mno kuharibiwa na maswali.

Mchungaji akamwita mbele atoe ushuhuda. Joséline akaanza na ukweli, kwa sababu uongo hakuwa ameuandaa.

"Mkate wao hauna chumvi," akasema.

Watu wakasubiri aendelee.

"Mchana maduka yanafungwa, watu wanalala. Vijana wamehama, wamebaki wazee."

Mtu akakohoa. Watu wakaanza kutazamana, na Mchungaji akatupia jicho saa yake. Joséline akaona anazama.

"Anga yao ni ya buluu kutwa," akasema. "Mvua hainyeshi kabisa. Barabarani hakuna vumbi, unaweza kujiona uso sakafuni."

"Amina!"

"Na muziki unatoka ukutani!"

"Amina! Amina!"

Akarudi kitini akiwa mwanamke anayeheshimiwa kuliko wote mle ndani.

Murielle alirudi katikati ya mwaka wa 2013, amekonda, ana chokaa chini ya kucha. Jumapili ya kwanza Hélène akamdaka mlangoni mwa kanisa. "Enhe, mama yako alipokuja, mlikaa hotelini au kwa yule mjane?"

Murielle akamtazama mama yake. Joséline akatazama viatu vyake.

"Kwa mjane," Murielle akasema. "Walipikiana. Assunta alimpenda sana."

Walipofika kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, wakasimama kusubiri kuvuka.

"Mama, ulikuja lini?"

Joséline akamweleza yote, mpaka muziki wa ukutani. Alitegemea kicheko, hakukisikia.

"Kwa hiyo uliuonea haya mji wangu."

"Niliwaonea haya watu, mwanangu."

"Assunta aliwaonyesha majirani picha ya nyumba yetu. Akawaambia, tazameni ule ufa, huyu mtoto ni wa kwetu."

Robot ikaruhusu. Joséline akabaki amesimama ukingoni mpaka Murielle akarudi kumshika mkono.

Miezi ikapita. Majumba ya sanaa yalikisifu cheti cha Murielle, yakaahidi kupiga simu, hayakupiga. Mwishowe habari ya kazi ililetwa na Thierry. Kule kaskazini, kwenye jumba la kamari, kuta za vichochoro zilikuwa zimepauka, na wenye jumba walimtaka mtu anayejua mambo ya Italia. Walipoona cheti, hawakumwacha hata amalize kujieleza. Basi yule aliyefundishwa mwaka mzima kuziba nyufa za kweli akaajiriwa kuchora nyufa kwenye kuta zilizojengwa majuzi. Mshahara ulikuwa mzuri, na akina mama wa kanisa walimpongeza kwa kupata kazi ya fani yake.

Wiki ya kwanza ilipokwisha alirudi nyumbani, akakaa mezani bila kuvua koti.

"Vipi?" Joséline akauliza.

"Bosi amenirudisha nianze upya. Mteja mmoja aliuona ufa wangu, akakimbia kuita walinzi. Alidhani ukuta unaanguka."

"Eish. Sasa inakuwaje?"

"Amesema kazi nzuri sana, ila nipunguze ukweli."

Joséline akajibana asicheke, kwa sababu ya uso wa mwanawe. Lakini Murielle ndiye aliyeanza, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Walipotulia, Murielle akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Kupunguza kugumu," akasema. "Itabidi nijifunze." Akavuta sahani ya maharage, akaanza kula.